Tiba ya ‘maisha ya awali’ na imani ya Wakamba kuhusu wafu

MTOTO anapozaliwa katika jamii ya Wakamba, mara nyingi jina lake huwa limekwisha kujulikana. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na si ajabu kumsikia mzazi akimwita kitoto hicho kichanga “baba”. Wapo pia wanaoitwa Musyoka, jina linalotokana na neno la Kikamba lenye maana ya kurudi.

Kwa sababu hiyo, tiba ya kurudishwa katika maisha ya awali, iliyopata umaarufu nchini Marekani na Ulaya, haisikiki ngeni sana masikioni mwa wenyeji wa Kitui na Makueni. Tiba hiyo hudai kwamba mtu aliwahi kuishi kabla ya kuzaliwa, na kwamba chanzo cha hofu, huzuni au maumivu yake ya leo kimo katika maisha hayo.

Hata hivyo, imani hizi mbili zinatofautiana, na tofauti hiyo ina uzito kwa mgonjwa anayetafuta nafuu.

Tiba yenyewe

Katika tiba hiyo, mteja huketi au kulala mahali tulivu, akafumba macho na kuongozwa kwa sauti ya polepole hadi aingie katika hipnosisi. Hii ni hali ya utulivu mkubwa ambapo fikra hukaza jambo moja na mtu huwa mwepesi wa kupokea maelekezo.

Mtabibu humrudisha nyuma hatua kwa hatua: utotoni, tumboni mwa mama, kisha kabla ya hapo. Humuuliza amevaa nini, yuko nchi gani na alikufa vipi. Anayeogopa maji anaweza kuondoka akiamini kwamba aliwahi kufa kwa kuzama.

Umaarufu wa tiba hii ulikua zaidi baada ya mwaka wa 1988, wakati Brian Weiss, daktari wa magonjwa ya akili wa mjini Miami, alipochapisha kitabu kuhusu mgonjwa wake mmoja. Wanaoipitia huona picha zilizo wazi, hulia machozi ya kweli, na baadhi yao husema wametuliwa mzigo. Si haki kuwaita waongo. Linaloulizwa ni iwapo wanayoyaona ni kumbukumbu.

Kisa cha Bridey Murphy

Mwaka wa 1952, mfanyabiashara Morey Bernstein wa Pueblo, Colorado, alimtia mwanamke mmoja katika hipnosisi. Mwanamke huyo alianza kueleza maisha ya Bridey Murphy, aliyedai kuzaliwa nchini Ireland mwaka wa 1798. Kitabu cha Bernstein cha mwaka wa 1956 kilisomwa na watu wengi mno.

Waandishi wa habari walipochunguza, hawakupata kumbukumbu rasmi za kuzaliwa wala kufa kwa Bridey. Walichokipata ni kwamba mwanamke yule, alipokuwa mtoto mjini Chicago, aliishi karibu na mama mwenye asili ya Ireland aliyeitwa Bridie Murphy Corkell. Yamkini aliyoyasikia utotoni yalibaki akilini, ila akasahau aliyasikia wapi.

Mwanasaikolojia Nicholas Spanos wa Chuo Kikuu cha Carleton, Canada, alilitafiti jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 1991. Aligundua kwamba washiriki walioelezwa mapema aina ya mtu ambaye huenda walikuwa, ndiye waliyemsimulia. Mmoja alidai kuwa Julius Caesar, mfalme mkuu wa Roma mwaka wa 50 baada ya Kristo. Caesar aliuawa mwaka wa 44 kabla ya Kristo, na hakuwahi kushika cheo hicho.

Walivyoamini Wakamba

Msomi aliyeieleza kwa kina imani ya Waafrika kuhusu wafu ni Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyefariki mwaka wa 2019. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alieleza kwamba marehemu huhesabiwa kama aliye hai madhali wapo wanaomkumbuka kwa jina, kwa muda wa vizazi vinne au vitano hivi.

Kuhusu kuzaliwa upya, Mbiti alisisitiza kwamba ni kwa sehemu tu. Baadhi ya sifa za marehemu huonekana kwa mtoto, lakini marehemu hubaki kuwa yeye na mtoto huwa mtu mwingine. Babu hakumbukwi na mjukuu; hukumbukwa na jamaa waliomjua.

Hata wakati wa maradhi, mpaka huo ulilindwa. Mundu mue, yaani mganga, alipotambua kwamba mtu anasumbuliwa na aimu, ambazo ni roho za wafu, ngoma ya kilumi ilichezwa mbele ya watu na roho ikaeleza haja yake. Gerhard Lindblom, msomi wa Sweden aliyeishi Ukambani mnamo 1911 na 1912, aliandika pia kuhusu roho za kigeni, zikiwemo za Kimaasai. Roho ilihesabiwa kuwa mgeni aliyemwingia mgonjwa. Mgonjwa hakuambiwa kwamba yeye ndiye marehemu.

Hatari na manufaa

Nafuu inayopatikana katika hipnosisi au katika ngoma inaweza kuwa ya kweli hata kama maelezo yake si sahihi. Mtu aliyefiwa au aliyekata tamaa husikilizwa, huzuni yake hupewa jina, naye huona kwamba hayuko peke yake.

Hatari huanza pale hadithi inapochukuliwa kuwa ushahidi. Mwaka wa 1985, Chama cha Madaktari cha Marekani kilionya kwamba yanayokumbukwa chini ya hipnosisi si ya kuaminika zaidi ya kumbukumbu za kawaida. Miaka 10 baadaye, mwanasaikolojia Elizabeth Loftus alionyesha kwamba takriban robo ya washiriki 24 walikubali kuwa waliwahi kupotea dukani utotoni, ilhali kisa hicho kilikuwa cha kubuni.

Mtabibu anayemwekea mtu kumbukumbu ya ukatili usiotendeka, sawa na mganga anayemtaja jirani kuwa chanzo cha ugonjwa, anaweza kuvunja familia. Aidha, mgonjwa wa unyogovu au kifafa anayezungushwa kwa miezi akitafutiwa maisha ya kale hupoteza muda wa kutibiwa.

Makueni imeonyesha njia nyingine. Katika miaka ya 2010, watafiti wa shirika la Africa Mental Health Foundation, wakiongozwa na Profesa David Ndetei, waliwakutanisha waganga wa kienyeji, viongozi wa maombi na wahudumu wa afya. Waganga na viongozi hao walifunzwa kutambua dalili za unyogovu kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwaelekeza hospitalini wanaohitaji matibabu zaidi.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia kusajiliwa. Kwa hivyo, anayealikwa kurudishwa katika maisha ya awali ana haki ya kuuliza kwanza iwapo mtabibu amesajiliwa, na atafanya nini hali ikizidi kuwa mbaya. Anayekosa usingizi kwa majuma, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kuhusu babu na nyanya waliotangulia, wazee wa Kitui na Makueni wangali wanawajua kwa majina, na wanaweza kuulizwa.