Kijiko cha Maji ya Sukari

Mama msikilizaji, na wewe nyanya uliyempakata mjukuu hapo barazani, leo tuzungumze juu ya kijiko kimoja cha maji ya sukari.

Hali ya Kibokoni twaijua. Joto la Machi, stima imepotea, na mtoto wa wiki tatu analia. Mama bado yumo arubaini. Jamaa waliokuja kumtazama watasema, "Koo limemkauka huyo, mpe maji kidogo." Mwingine atasema ni chango, na chupa ya dawa itatolewa. Nia ni njema, lakini tazama yanayotokea tumboni.

Mtoto anapozaliwa, utumbo wake ni kama nyumba mpya inayongoja wapangaji. Bakteria huanza kuhamia mara moja, na si wote wabaya. Mwaka 1899 Mfaransa Henri Tissier, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliona katika choo cha watoto wanaonyonya aina ya bakteria ambao leo tunawaita bifidobakteria. Baadaye sababu ikajulikana. Katika maziwa ya mama mna sukari za namna yake ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Utauliza, basi ni za nini? Ni chakula cha hao bifidobakteria. Wakila hutoa asidi, utumbo ukawa mchachu kidogo, na vijidudu vya kuharisha vikakosa pa kukaa.

Sasa kile kijiko. Maji ya visima vyetu vya Mji wa Kale mengi yana chumvi, na ya mkokoteni hujui yametekwa wapi. Vijidudu huingia nayo. Tena tumbo likijaa maji mtoto hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Punde utasikia, "Maziwa hayamtoshi," kopo la maziwa ya unga lifunguliwe, na wapangaji waanze kubadilika.

Kiu je? Maziwa yako ni maji kwa asilimia 87 hivi. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe maji. Dawa aliyoandikiwa na daktari ni kando. Asali usimpe kabla hajatimiza mwaka. Yaweza kubeba vijidudu vyenye sumu inayolegeza misuli.

Faida haziishii utotoni. Walionyonya vyema huugua kuharisha na nimonia kwa uchache, na baadaye unene wa kupita kiasi huwapata kidogo zaidi. Juu ya pumu wataalamu bado wanabishana, kwa hivyo sitakuahidi.

Mama anayetumia dawa za ARV naye hunyonyesha maziwa yake pekee miezi sita, akifuata maelezo ya kliniki. Kuchanganya na vyakula vingine mapema ndiko kunakozidisha hatari ya mtoto kuambukizwa.

Msiseme haiwezekani. Mwaka 2003, utafiti wa afya wa taifa ulikuta watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi sita wakipewa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2022 walikuwa 60.

Na kama wako ameshapewa maji, usijilaumu. Acha leo, mweke titini kila anapotaka, usiku na mchana. Akiharisha au akikataa kunyonya, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Uji na samaki wa kupondwa tutavizungumza kipindi kijacho.