Kiti cha Ngozi Chenye Springi: Kinamfaa Nani?

Wateja wangu hapa Shinyanga huja na swali lilelile: "Fundi, nikifunga kiti cha ngozi chenye springi, makalio yatapona?" Nami huuliza kwanza: unakaaje?

Ukiendesha baiskeli ya Phoenix, usukani juu na mgongo wima, sehemu kubwa ya uzito wako iko kwenye kiti. Gurudumu la nyuma likitumbukia shimoni, kishindo hupanda hadi kiunoni. Hapo springi ina kazi yake: inabonyea na kukipunguza makali. Lakini anayeendesha baiskeli ya mashindano huinama, mikono na miguu ikabeba sehemu ya uzito. Huyo springi itamrusharusha tu kila anapokanyaga pedeli kwa nguvu.

Vidonda na michubuko ni habari nyingine, na springi haiponyi. Geuza kiti cha ngozi utazame chini yake: hakuna sponji. Ni ngozi nene iliyopigwa ribiti nyuma na puani, ikavutwa kama machela. Ukikikalia muda mrefu, mifupa miwili ya makalio hujitengenezea vibonde vyake, na uzito husambaa. Siku za mwanzo ni kigumu kweli, wengine hukirudisha dukani. Sponji laini hudanganya mkono: ukilibonyeza ni tamu, ukilikalia saa mbili mifupa inazama, katikati panapanda na kubana pasipotakiwa kubanwa.

John Boultbee Brooks wa Birmingham, Uingereza, alisajili hataza ya kiti cha ngozi mwaka 1882, na viti vyenye jina lake vinauzwa hadi leo. Aina ya B17 haina springi, ya B66 inazo. Kwa barabara zetu za vumbi ningechukua B66, ila kwa bei ya kipya unaweza kupata baiskeli nzima ya mtumba.

Ukikipata, kilinde na mvua. Ngozi iliyolowa ukiikalia inalegea na kupoteza umbo. Bolti ya puani usiikaze kila wiki. Robo mzunguko inatosha, tena pale tu ngozi inapobonyea kupita kiasi.

Kabla hujatoa hela, punguza upepo kidogo kwenye tairi. Kisha pima kimo cha kiti kwa kuweka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiumia bado, na unakaa wima, funga springi.