Istilahi za Mvuto wa Elektroni na Umbo la Molekuli

Mama lishe wa Kariakoo aoshapo sufuria yenye mafuta ajua kwamba maji matupu hayafai. Sharti atie sabuni. Chanzo cha jambo hili ni umbo la molekuli na namna atomu zinavyogawana elektroni. Kiswahili kina maneno ya kulieleza. Kazi iliyopo ni kuchagua yale yasiyompoteza mwanafunzi.

Atomu mbili zishikanapo kwa kushirikiana elektroni, kifungo chao huitwa bondi. Lakini ushirika huo mara nyingi si wa haki. Mwaka 1932 mwanakemia wa Marekani, Linus Pauling, alitoa kipimo cha uwezo wa atomu wa kuvuta elektroni za bondi. Kwa hesabu zitumikazo leo, oksijeni ina 3.44, kaboni 2.55 na haidrojeni 2.20. Jina la uwezo huo katika lugha za Ulaya limeundwa kwa neno limaanishalo "hasi". Mfasiri akilifuata neno kwa neno atapata "uhasi wa elektroni", na msomaji aweza kudhani kwamba elektroni moja huizidi nyingine kwa uhasi, hali zote zina chaji ile ile.

"Mvuto wa elektroni" ni afadhali, walakini kiunganishi "wa" kina utata: je, elektroni ndizo zivutazo, au ndizo zivutwazo? Utata huu huondoka tukifuata mfano wa "kipimajoto" na "kifunguakinywa", ambamo nomino ifuatayo kitenzi ndiyo itendwayo. Kwa kanuni hiyo "uvutaelektroni" ni neno lisilo na shaka.

Katika maji, tofauti kati ya oksijeni na haidrojeni ni 1.24. Elektroni huelemea upande wa oksijeni, ukawa hasi kidogo, na upande wa haidrojeni ukawa chanya kidogo. Hapa neno "ncha", litumikalo kwa sumaku na kwa Ncha ya Kaskazini, lafaa. Hata hivyo, "molekuli yenye ncha" yaweza kufahamika kuwa iliyochongoka, kama kisu chenye ncha. Na kwa kuwa mazungumzo ni ya maumbo, kosa hilo li karibu sana. Heri kusema "molekuli ya ncha mbili".

Tena, bondi ya ncha mbili haifanyi lazima molekuli ya ncha mbili. Wapagazi wawili wakiufunga mkokoteni kamba na kuvuta kwa nguvu sawa, mmoja mbele na mwingine nyuma, mkokoteni hausogei. Ndivyo ilivyo kabonidayoksaidi, hewa itokayo katika chupa ya soda: molekuli yake imenyooka, pembe yake ni digrii 180, na mivuto ya oksijeni mbili hubatilishana. Wapagazi hao wakivuta wote mbele, kila mmoja kwa upande wake, mkokoteni huenda. Ndivyo yalivyo maji, ambayo molekuli yake imepinda kwa pembe ya digrii 104.5.

Mafuta kwa sehemu kubwa ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, ambazo tofauti yao ni 0.35 tu, kwa hiyo molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuyaacha mafuta kando. Molekuli ya sabuni ina mkia wa mnyororo kama huo, uingiao katika mafuta, na kichwa chenye chaji, kivutwacho na maji. Hivyo sufuria hutakata.

Jina la Kariakoo lenyewe ni mkopo: latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, likalainishwa kwa sauti za Kiswahili. "Atomu" na "elektroni" zimepita njia hiyo hiyo bila madhara, kwani ni majina ya vitu. Ama majina ya mahusiano, kama uvutaelektroni, yafaa yaundwe kwa mizizi ya Kiswahili, ili neno lenyewe liwe nusu ya maelezo. Mwanafunzi atokaye shule ya msingi ya Kiswahili na kuikuta kemia ya sekondari kwa Kiingereza huhitaji zaidi nusu hiyo. Akiikosa, hubaki na neno la kukariri tu.