Usiilipie Makala Yako Kaburi

Swali ni lile lile, liletwe kwa simu, kwa baruapepe au mlangoni baada ya mhadhara: "Nina makala yangu ya fasihi. Jarida gani linatoa haraka, na ada yake shilingi ngapi? Ila liwe na ISSN." Wanaouliza ni walimu wa sekondari wanaosoma shahada ya uzamili, wahadhiri wasaidizi wanaosubiri kupandishwa cheo, hata wastaafu wenye madaftari yaliyojaa nyimbo na masimulizi. Hakuna anayeuliza ni nani atakayeisoma makala kabla haijachapwa. Hakuna anayeuliza itakuwa wapi miaka 20 ijayo. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote, na hasa nyinyi wa Tabora na wa njia nzima ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, kwa sababu mmekalia mali nyingi ya nyimbo na masimulizi ambayo bado haijaandikwa, na naiona inavyopotea.

Tuanze na hiyo ISSN, maana ndiyo inayowaponza wengi. Ni namba ya utambulisho yenye tarakimu nane, nne na nne, katikati kistari. Mfumo wake unaratibiwa kutoka Paris, na kazi yake ni moja tu: kumwezesha mkutubi kulitofautisha chapisho hili na lile hata kama majina yanafanana. Anayeitoa hasomi makala hata moja. Gazeti la udaku linaweza kuwa nayo, jarida la mapishi linaweza kuwa nayo, ripoti ya mwaka ya benki inaweza kuwa nayo. Kusema jarida ni la kitaaluma kwa kuwa lina ISSN ni sawa na kusema dereva ni mzuri kwa kuwa gari lake lina namba. Hata hivyo nimeona watu wazima wenye shahada mbili wakiitaja namba hiyo kama hati ya ubora, na nimewasikia wengine wakiwafundisha wanafunzi wao hivyo hivyo.

Baada ya ISSN hufuata kipimo cha athari. Kile kinachotambulika duniani hutolewa mara moja kwa mwaka na kampuni ya Clarivate, na huhesabu makala za jarida zimerejelewa mara ngapi. Kwa kuwa jina hilo lina mvuto, wamejitokeza watu wanaouza alama zenye majina yanayofanana nalo. Jarida linalipa, linapewa tarakimu yenye nukta za desimali, linaibandika kwenye ukurasa wa mbele. Kwetu sisi wa fasihi ya Kiswahili hata kipimo halali hakisemi mengi, kwani majarida yetu yanayoheshimika yamejengwa juu ya wasomaji wake na wahariri wake, na mengi hayajawahi kujinadi kwa desimali. Ukiona jarida changa la Kiswahili linajitapa kwa kipimo cha 7 na kitu, funga ukurasa.

Sasa itazame barua yenyewe ya mwaliko. Inaanza na "Mheshimiwa Profesa", nawe una shahada ya kwanza. Inausifu utafiti wako wa thamani kubwa bila kusema ni upi. Jarida linapokea fasihi, uhandisi, uuguzi, sheria na kilimo cha umwagiliaji, vyote katika toleo moja. Uamuzi utatoka ndani ya saa 72, na saa 72 zikipita kweli unatoka: makala imekubaliwa, haina kasoro, tafadhali lipa dola kadhaa kwa akaunti ifuatayo, utapata na cheti. Cheti! Tangu lini mwandishi wa makala ya kitaaluma akatunukiwa cheti kwa kuchapishwa? Bodi ya wahariri ina majina mazito, lakini ukimwandikia mmojawapo kwenye chuo chake unaweza kukuta hana habari kwamba yumo.

Wapo wanaodhani natia chumvi. Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi, alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotunga makala ya uongo kuhusu kemikali inayodaiwa kuzuia seli za saratani. Alipachika humo makosa ambayo mtu mwenye kemia zaidi ya ile ya sekondari alipaswa kuyaona, akaipeleka kwa majarida 304 yanayotoza ada. Majarida 157 yaliikubali. Yaliyoikataa yalikuwa 98. Na kuna jambo katika habari hiyo ambalo linapaswa kutuuma sisi zaidi kuliko wengine: waandishi aliowabuni aliwapa majina yenye sauti ya Kiafrika na taasisi za Kiafrika zisizokuwepo, mojawapo akaiweka Asmara, kwa hesabu kwamba mtu wa huku asiyepatikana kwenye intaneti hatamshtua mhariri. Biashara hii inatuhesabu sisi kama wateja wake wa kawaida. Nasi tunajipanga foleni na pesa mkononi.

Tuone basi kinachokosekana pale makala inapochapishwa bila kusomwa. Tuseme umekaa na wazee wa Kwihara na Urambo, ukarekodi nyimbo wanazosema ziliimbwa na wapagazi wa Kinyamwezi wakienda pwani na mizigo ya pembe, kirangozi akitangulia, wenzake wakiitikia. Ukaandika kwamba ni nyimbo za miaka ya 1870. Msomaji anayejua kazi yake atasimama kwenye ubeti wa tatu, panapotajwa gari moshi. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Mirambo mwenyewe, mtemi wa Urambo wa miaka hiyo ya 1870, alikwisha kufariki tangu 1884. Basi ubeti huo umetoka wapi? Huenda umeongezwa na waliokuja baadaye. Huenda wimbo mzima ni wa manamba waliochukuliwa kwenda kukata mkonge. Msomaji wa pili, mwenye Kisukuma chake, atakwambia kwamba kiitikio unachokiita cha Kinyamwezi si cha Kinyamwezi, na kwamba kwao kinaimbwa wakati wa kulima. Atakuuliza mbona kwenye marejeleo yako hayumo Stephen Rockel, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wapagazi hao mwaka 2006, wala Frank Gunderson, aliyechapisha nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010. Atauliza nani aliimba, ana umri gani, alijifunza kwa nani, na maneno ya asili yako wapi, kwa sababu wewe umeleta tafsiri ya Kiswahili peke yake.

Je, makala imeharibika? Ndiyo kwanza inaanza. Sasa una hoja ambayo hukuwa nayo: wimbo uliotoka mgongoni mwa mpagazi ukapanda treni, ukaingia shambani, ukabadilisha maneno na wenyewe. Hiyo ni makala ya fasihi simulizi itakayorejelewa. Ile ya kwanza ilikuwa orodha ya nyimbo yenye tarehe isiyo sahihi, na ndiyo ambayo jarida la saa 72 lingekutolea jinsi ilivyo, jina lako likiwa juu yake.

Hasara kubwa zaidi iko mbele. Ukishachapisha humo, umeshachapisha. Jarida lolote la kweli litakutaka uthibitishe kwamba kazi haijatoka kwingine, nawe hutaweza. Kama mhariri nimelazimika kurudisha kazi nzuri, yenye data ya uwandani isiyopatikana tena kwa kuwa waliohojiwa wamefariki, kwa sababu tu ilikwisha kutupwa kwenye tovuti ya namna hiyo. Mwandishi anapojaribu kuiondoa hudaiwa ada ya kuiondoa. Akikataa, inabaki pale mpaka mwenye tovuti aache kulipia jina la kikoa, kisha siku moja ukurasa haufunguki. Hakuna maktaba iliyopokea nakala. Hakuna hifadhi ya kidijitali iliyoagizwa kuitunza. Sauti ya wale wazee wa Urambo imefutika, na aliyelipia kufutika kwake ni wewe.

Anayeona nakuza mambo aangalie maandishi ya njia hii hii ya misafara yamefikaje kwetu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, baba yake aliishi Unyanyembe, huko Tabora, na kuoa kwa Mtemi Fundikira. Habari za maisha yake, kwa Kiswahili chake mwenyewe, zilichapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa kazi ya Heinrich Brode, katika jarida la Chuo cha Lugha za Mashariki. Yeye alifariki mwaka 1905. Zaidi ya nusu karne baadaye W. H. Whiteley aliyachukua maandishi hayo na kuyatoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yakiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mwaka 1958 na 1959. Leo mwanafunzi wa fasihi anaweza kuyasoma, kuyachambua na kuyapinga, kwa sababu maktaba zilitunza matoleo hayo. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, wala simsifu. Nasema tu kwamba maneno yake tunayo. Waliobeba pembe zake maneno yao yamebaki vinywani mwa wajukuu, huko Kwihara, Urambo, Sikonge na Ujiji, na vinywa hivyo vinapungua kila mwaka. Ndiyo sababu sina subira na mtu anayeyakusanya kwa jasho kisha akayapeleka mahali pasipo na kumbukumbu.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba majarida ya kweli yanachelewa. Ni kweli. Wahakiki, yaani hao wasomaji wa kabla ya kuchapwa, hawalipwi, mhariri ana madarasa ya kufundisha, na toleo linaweza kukawia kwa kukosa makala za kutosha zilizopita mchujo. Mhariri anayekaa na kazi ya mtu mwaka mzima bila neno simtetei, naye anachangia kuwasukuma watu kwa matapeli. Lakini kamati ya kupandisha vyeo haikutani kwa ghafla. Tarehe yake unaijua. Anayeanza kutafuta jarida mwezi mmoja kabla ya kikao amejiponza mwenyewe. Na ada yenyewe si kosa: yapo majarida halali yanayotoza gharama za uchapaji, lakini huzitangaza waziwazi tangu mwanzo, na uamuzi wa wahakiki hautegemei kama umelipa.

Basi upeleke wapi? Kwa fasihi ya Kiswahili anza na Kiswahili, jarida la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambalo asili yake ni taarifa za ile Kamati ya Kiswahili tangu 1930; hapo hapo kuna Mulika na Kioo cha Lugha. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, kuna Mwanga wa Lugha. Swahili Forum hutolewa Ujerumani tangu 1994, husomwa bure mtandaoni, na Kiswahili kinapokelewa, kwa hiyo acha kuamini kwamba kimataifa maana yake ni Kiingereza, na usinipe tena makala iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na mashine. Kwa majarida mengine ya Afrika pitia AJOL (African Journals Online), iliyoanza 1998, na orodha ya majarida ya kusomwa bure ya DOAJ (Directory of Open Access Journals), iliyoanza 2003, ukijua kwamba hata DOAJ ilibidi ichuje upya majarida yake yote baada ya yale ya Bohannon. Kabla ya kuchagua, fungua matoleo mawili ya karibuni ya jarida, usome makala mbili za uwanja wako mpaka mwisho. Ukikuta upuuzi umepita, na wako ungepita.

Soma mwongozo wa waandishi na uufuate: idadi ya maneno, ikisiri, mtindo wa marejeleo. Peleka makala kwa jarida moja kwa wakati mmoja, si kwa matatu. Ili wahakiki wasikujue, futa jina lako kwenye ukurasa wa kwanza na pia kwenye sifa za faili, ambako programu ya kuandikia huliacha bila wewe kujua. Weka maneno ya asili ya wimbo, Kinyamwezi kwanza, tafsiri chini yake, jina la mwimbaji kwa idhini yake, mahali na tarehe. Rekodi zenyewe ziachie nakala kwenye maktaba ya chuo, usizibakize kwenye simu. Ukirudishiwa maoni ya wahakiki, yajibu moja baada ya jingine, na usilokubaliana nalo litolee sababu. Kimya kikizidi miezi sita, ulizia kwa barua fupi. Kikiendelea, iondoe kwa maandishi, subiri wathibitishe kwamba imeondolewa, ndipo uipeleke kwingine.