Kabla ya Kushusha Subaru, Pima Nafasi

Wanaotaka kushusha Subaru Impreza WRX humwuliza fundi swali moja: lishuke kiasi gani? Swali lenye faida zaidi ni hili: gari likishashuka, gurudumu litabaki na milimita ngapi za kupanda kabla shokapu haijagota? Gari lililoshushwa huharibika mwendo kwa sababu nafasi hiyo imeisha. Mengine, yaani ugumu wa springi, bei ya shokapu na wingi wa vipimo vya kurekebisha, yanafuata baadaye.

Impreza yenyewe ilipata jina Kenya kwa sifa iliyo kinyume kabisa na kushushwa. Kenneth Eriksson aliposhinda Safari Rally mwaka 1996, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, magari yao yalikuwa yameinuliwa, na magurudumu yalikuwa na nafasi kubwa ya kupanda na kushuka juu ya mawe na makorongo. Anayeshusha gari lake kwa ajili ya lami na kona anaiuza sehemu ya nafasi hiyo ili apate uthabiti. Biashara hiyo si mbaya, ila ina hesabu yake.

Hesabu ni hii. Uwezo wa springi kumeza kishindo hutegemea ugumu wake na mraba wa nafasi iliyopo. Nafasi ikipungua kwa nusu, ugumu unatakiwa kuwa mara nne ili kishindo kilekile kimezwe bila kugota. Tuchukue gurudumu la mbele linalobeba kilo 360 za gari, springi ya kilo 3 kwa milimita, na nafasi ya milimita 80 kabla ya kufikia raba ya kizuizi iliyo kwenye shokapu. Kwa hali hiyo gari hupanda na kushuka kama mara 1.4 kwa sekunde, sawa na magari mengi ya kawaida. Ukilishusha milimita 40, hesabu inadai springi ya kilo 12, na gari litatikisika karibu mara 2.9 kwa sekunde. Hilo ni gari la mashindano, na mgongo wako utalitambua kwenye tuta la kwanza. Ukilishusha milimita 25 tu, springi ya takriban kilo 6.3 inatosha, na mtikisiko ni kama mara 2.1 kwa sekunde: gari kakamavu, lakini bado la kwenda nalo kazini. Raba ya kizuizi husaidia kidogo mwishoni, kwa hiyo namba hizi ni dira tu. Hata hivyo zinaonyesha kwamba milimita 15 zinaweza kutenganisha gari zuri na mateso.

Ndiyo maana kukata springi kwa grinda ni hasara. Springi iliyokatwa huongezeka ugumu kidogo, kwa kuwa mizunguko imepungua, lakini haifikii ule unaodaiwa na nafasi iliyopotea. Tena gurudumu likining'inia, springi fupi huweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake.

Dukani kuna njia tatu. Ya kwanza ni springi fupi juu ya shokapu za kiwandani. Ni rahisi kwa bei, lakini fimbo ya shokapu inaishi karibu na mwisho wake, na mafuta ya ndani yalipangiwa springi laini. Springi ikiwa ngumu mara mbili, shokapu inahitaji ukinzani wa takriban mara 1.4 ili kuituliza vilevile. Njia hii iishie kwenye kushusha kidogo sana. Ya pili ni springi fupi pamoja na shokapu zilizofupishwa kwa kazi hiyo. Bilstein B8 ni mfano unaojulikana. Ya tatu ni koilova, yaani shokapu yenye hesi mwilini na pete ya kupandisha au kushusha gari.

Koilova zenyewe ni za aina mbili. Katika aina moja, pete hushusha kikalio cha springi, na kila milimita ya kushuka inakatwa kwenye nafasi. Katika nyingine, kitako cha chini nacho kina hesi, hivyo urefu wa shokapu nzima hubadilika na nafasi yake ya ndani inabaki. Kwa anayetaka kushuka zaidi, aina hii ya pili ina thamani kuliko rangi ya springi au jina la kampuni. Hakikisha tu kwamba tairi haligusi madigadi kabla shokapu haijafika mwisho.

Mbele ya Impreza kuna mfumo wa MacPherson: shokapu imesimama wima na mkono mmoja wa chini umeshika gurudumu. Gari likiwa katika kimo cha kiwandani, mkono huo hulala au huinamia gurudumu. Ukilishusha sana, ncha ya nje ya mkono inapanda juu kuliko ya ndani. Hapo kitovu ambacho mwili wa gari hulala kukizunguka kwenye kona huporomoka haraka kuliko uzito wenyewe, na gari fupi linaweza kulala zaidi kuliko lilivyokuwa. Tairi nalo huacha kujiegemeza vizuri kila linapopanda. Dawa ni bolijointi ndefu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, zikifuatana na marekebisho ya tairodi. Dawa nafuu zaidi ni kutoshusha hadi huko.

Baada ya kufunga, usikaze boliti za busha gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza likanyage, ndipo ukaze. Vinginevyo raba za busha zitajipinda muda wote na kupasuka mapema. Kisha funga zipi tai kwenye fimbo ya shokapu, kama fimbo inaonekana. Baada ya siku kadhaa za barabara zako za kawaida, mahali iliposukumwa pataonyesha nafasi iliyotumika. Ikiwa inafika kwenye raba mara kwa mara, pandisha gari au ongeza ugumu wa springi. Usijaribu kuponya tatizo hilo kwa kukaza shokapu.

Kama shokapu ina kipini cha kurekebisha ukinzani, hicho kinafuata. Kizungushe polepole hadi mwisho wa kukaza, kisha rudi ukihesabu kliki zote na uanzie katikati. Tumia barabara moja, mwendo uleule na upepo uleule wa tairi, na ubadilishe kliki mbili au tatu upande mmoja, mbele au nyuma. Gari likipita tuta na kuendelea kudunda zaidi ya mara moja, ukinzani wa kurudi ni mdogo. Likizidi kuzama kwenye mfululizo wa matuta madogo, ukinzani huo umezidi: gurudumu halipati muda wa kurudi chini. Likigonga kila ufa wa lami, ukinzani wa kupanda umezidi.

Mwishowe peleka gari kwenye alaimenti, kwa sababu kimo kikibadilika, mlalo na uelekeo wa matairi hubadilika pia. Kwa matumizi ya barabarani, mlalo wa ndani wa digrii 1.5 hadi 2 mbele na uelekeo ulionyooka ni mwanzo mzuri. Impreza ina pua nzito na hupenda kwenda mbele badala ya kufuata usukani; mlalo huo husaidia, na stabilaiza nene zaidi ya nyuma husaidia pia, bila kuongeza springi ngumu mbele. Fedha zikiwa chache, zitumie kwanza kwa shokapu zinazolingana na springi, kisha alaimenti, na stabilaiza baadaye. Bolijointi ndefu zinahitajika pale tu unapokataa kuacha milimita chache juu.