Tebow wa Florida na Tebow wa Denver

Wapenzi wa futiboli ya Kimarekani wana ubishi wao usiozeeka: Tim Tebow alikuwa mchezaji mkubwa, au alikuwa jina kubwa tu? Wanaomtetea hutaja mataji ya chuo kikuu. Wanaompinga hutaja pasi zilizopotea alipofika NFL, ligi ya kulipwa. Kila upande una ushahidi wake na ushahidi huo ni wa kweli. Wanakosea pamoja pale wanapotaka jibu moja litosheleze maswali mawili.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, tuanze na kazi yenyewe. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulio linapoanza. Hapo ana sekunde mbili tatu za kuamua: amkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye, aurushe kwa mkono kwa mmoja wa wapokeaji waliotawanyika mbele, au akimbie nao mwenyewe. Majitu matano ya timu yake yanamkinga asifikiwe. Na hata kabla ya mpira kuanza, ameshawasoma walinzi wa upande wa pili akakisia nani atamvamia na nani atarudi nyuma, kama mcheza bao anavyohesabu kete zitakapoishia kabla hajagusa shimo. Kazi hii haishikwi ukubwani. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 pasipo kuwahi kuucheza mchezo huu, na msimu huohuo akaingia uwanjani. Lakini alipewa kazi ya kukimbia na kuangusha watu. Hakuna kocha ambaye angethubutu kumpa ukwotabeki.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba Marekani mchezo wa vyuo si mazoezi ya kungojea ligi kubwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ukifurika una watu 60,000. Ule wa Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, huchukua zaidi ya 88,000, na wanaokwenda kutazamwa ni wanafunzi. Mtu anaweza kuwa shujaa wa jimbo zima akiwa na miaka 20 na asihitaji kuongeza kitu.

Tebow alikuwa huyo. Alizaliwa Ufilipino mwaka 1987, wazazi wake wakiwa wamisionari. Ni mrushaji wa mkono wa kushoto, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 105. Mwaka 2006 Florida ilitwaa ubingwa wa taifa yeye akiwa msaidizi wa Chris Leak. Mwaka uliofuata alipachika tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, 32 kwa pasi na 23 kwa miguu yake mwenyewe, akapewa Tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Kabla yake ilikuwa haijawahi kwenda kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Septemba 2008 Florida ilifungwa na chuo cha Ole Miss 31-30. Tebow akawaendea waandishi wa habari, macho yamemwiva, akaapa kwamba hakuna atakayemwona mchezaji akijituma kuliko yeye katika siku zilizobaki. Hawakupoteza tena mechi msimu ule, wakachukua ubingwa wa pili, na kiapo kile leo kimeandikwa kwenye kibao uwanjani hapo. Anayesema huyu hakuwa mkubwa chuoni anajitafutia tu maneno.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoeleza yaliyofuata.

Kila timu ina watu 11 uwanjani. Kwotabeki akimkabidhi mwenzake mpira kisha akabaki kutazama, wanaosalia kuzuia ni tisa dhidi ya walinzi kumi na mmoja. Akikimbia mwenyewe, wazuiaji wanakuwa kumi. Kocha Urban Meyer aliyajenga mashambulizi ya Florida juu ya mtu huyo mmoja aliyeongezeka, na Tebow alikuwa na mwili wa kupigana kila mara na vijana wanaomshukia. Uwanja wenyewe nao humsaidia kwotabeki wa chuo. Kuna safu mbili za alama fupi zinazoonyesha mpira uanzie wapi. Kwenye vyuo safu hizo zimeachana futi 40, kama mita 12. Kwenye NFL hazifiki mita sita. Kwa hiyo chuoni mpira mara nyingi huanzia karibu na pembeni, na upande wa pili unabaki uwanda mpana wa kukimbilia. Kuna pia sheria nyingine ambayo watazamaji wengi hawaijui. Wale wazuiaji wa mbele, kwenye chuo, huruhusiwa kusonga yadi tatu kabla pasi haijarushwa. NFL ni yadi moja. Mlinzi akiwaona wanasonga huamini kwamba mpira unakimbizwa, naye hukimbilia mbele, na pasi humpita juu ya kichwa.

Ongeza wingi wa timu. Wakati wa Tebow vyuo vya daraja la juu vilikuwa kama 120, na timu za NFL ni 32. Kila Aprili hufanyika drafti, ambamo timu hizo huchagua kwa zamu vijana wapatao 250. Mlinzi mzito wa miguu aliyekuwa akiachwa nyuma kwenye mechi za chuo za Jumamosi haonekani tena huko juu.

Basi kasoro ya Tebow ikapata wa kuiadhibu. Kabla ya kurusha alikuwa akiushusha mpira mpaka usawa wa kiuno, kisha ndipo mkono upande. Tuseme mzunguko huo ulimpotezea sehemu mbili za kumi za sekunde. Mlinzi anayekwenda mita 8 kwa sekunde hukata mita 1.6 ndani ya muda huo, na mita hiyo na nusu ndiyo inayotenga pasi iliyodakwa na pasi iliyoibwa. Chuoni wapokeaji wake walikuwa wazi kabla hajarusha. NFL mpira lazima uondoke mkononi kabla mpokeaji hajawa wazi.

Denver Broncos walimchukua mwaka 2010 katika raundi ya kwanza, nafasi ya 25. Kocha aliyemtaka, Josh McDaniels, alifukuzwa Desemba hiyohiyo. Oktoba 2011, timu ikiwa imeshinda mechi moja kati ya tano, Tebow akapewa usukani, na yaliyotokea bado yanawachanganya watu. Huko Miami walikuwa nyuma 15-0 zikiwa zimebaki dakika zisizotimia tatu, wakashinda 18-15. Waliifunga Kansas City kwa mechi ambayo pasi zake zilizodakwa zilikuwa mbili tu, saa nzima ya mchezo. Walipocheza na Chicago, mpigaji mikwaju Matt Prater alisawazisha kwa teke la yadi 59 na kumaliza kazi kwa la yadi 51. Chini ya Tebow walishinda 7 kati ya 11 na kuingia mtoano. Lakini pasi zake hazikufikisha hata nusu: asilimia 46.5 ndizo zilizodakwa msimu ule. Ushindi uliandikwa kwa jina lake, ila safu ya ulinzi iliyokuwa na Von Miller, na mguu wa Prater, vilikuwa vikilipa madeni mengi.

Tarehe 8 Januari 2012 wakakutana na Pittsburgh Steelers, mechi ikaenda muda wa ziada. Steelers walishazoea kumwona akikimbia, hivyo walinzi wao wa nyuma wakasogea mbele. Ile hesabu ya mtu mmoja zaidi ikawatisha. Tebow akarusha katikati kwa Demaryius Thomas, naye akakimbia mpaka mwisho, yadi 80, katika shambulio la kwanza kabisa: 29-23. Steelers siku hiyo walimkosa beki wao Ryan Clark. Ana vinasaba vya selimundu, na mechi moja ya mwaka 2007 katika hewa nyepesi ya Denver, mita 1,600 juu ya bahari, ilimgharimu bandama, kwa hiyo kocha wake alimzuia asicheze. Pasi za Tebow zilifikia jumla ya yadi 316, na kwa kuwa aliwahi kucheza fainali ya chuo akiwa ameandika Yohana 3:16 chini ya macho, waumini hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria.

Wiki moja baadaye New England iliwachapa 45-10. Machi akaja kwotabeki Peyton Manning, Tebow akapelekwa New York Jets, akarusha pasi nane msimu mzima, na 2012 ikawa mara yake ya mwisho kucheza mechi ya ligi.

Wapo wanaosema alizaliwa mapema, kwamba siku hizi makocha wangemjengea mfumo wake kama Baltimore walivyomjengea kwotabeki wao Lamar Jackson. Sikubaliani nao. Mwaka 2019 Jackson alikimbia yadi 1,206, sawa, lakini pia aliongoza ligi nzima kwa pasi za tachidauni, 36. Miguu ilimfungulia mlango na mkono ukambakiza ndani. Tebow alikuwa na miguu.

Ila linganisha walivyopokelewa. Jackson alikuja na Heisman yake ya mwaka 2016, na Bill Polian, kiongozi wa zamani wa timu anayeheshimika sana, akashauri awe mpokeaji. Akachukuliwa nafasi ya 32. Tebow, ambaye kasoro ya mkono wake ilionekana na kila mwenye televisheni, alichukuliwa nafasi ya 25. Warren Moon, kwotabeki mweusi kama Jackson, aliyekuwa mchezaji bora wa mechi ya vyuo ya Rose Bowl ya Januari 1978, hakuchaguliwa na timu yoyote. Alikwenda Canada, akashinda mataji matano akiwa Edmonton ndipo NFL ikamwita. Tunapozungumzia matarajio ya mchezaji, tunazungumzia pia macho ya wanaomtazama. Na macho hayo humpita hata asiye na tatizo la rangi: Tom Brady, aliyekuwa akigawana nafasi na Drew Henson huko Michigan, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akastaafu na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya NFL.

Mwaka 2021 Meyer alipewa Jacksonville Jaguars, akamwita kijana wake wa zamani, sasa akiwa na miaka 33, ajaribu nafasi ya mpokeaji wa karibu na safu, ambaye kazi yake ni kudaka na pia kuzuia. Wengi walikuwa wamemshauri nafasi hiyo tangu 2010, akakataa. Aliachwa Agosti baada ya mechi moja ya maandalizi, na safari hii mkono haukuhusika: watu walicheka kuona alivyokuwa akizuia. Mwaka 2023 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo, ambako anayepigiwa kura hupimwa kwa aliyoyafanya akiwa mwanafunzi, na mambo ya Denver na Jacksonville hayasomwi kabisa.