Je, Wajua? Wageni wa vuli chini ya Mlima Hanang

Je, wajua kwamba majani yanapopukutika Ulaya, mbayuwayu wa huko husafiri kuja Afrika? Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini huvuka bahari na jangwa, maelfu ya kilomita. Mpenzi wa ndege wa Mbulu au Katesh hahitaji bustani ya jiji: kuanzia Septemba hadi Novemba atazame tu nyaya za umeme na anga juu ya mashamba.

Korongo weupe nao huja, tena kwa akili ya ajabu. Hupaa kwa hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, na kwa kuwa hewa hiyo ni haba baharini, huizunguka Mediterania badala ya kuikata katikati. Wakifika, hula panzi na viwavijeshi. Mkulima ana kila sababu ya kuwapokea vizuri!

Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, ni la magadi. Kiangazi hupungua sana, na watu huchota chumvi. Ndege wengine, heroe, hupenda maji ya namna hiyo. Huchuja chakula huku wamepindua kichwa, na wekundu wao hutokana na chakula hicho.

Ziwa Basotu, kinyume chake, ni la maji baridi. Huko kuna viboko.